Hankook iliyotengenezwa Hungaria ni feki? Jibu kwa msomaji mwenye matairi ya nchi mbili

"Habari za kazi, mtaalamu. Nina gari la familia, SUV ndogo, niliyoagiza kutoka Uingereza. Ilikuja na matairi manne ya Hankook. Mawili yalikwisha, nikanunua mengine mawili mapya ya Hankook Kariakoo. Fundi alipokuwa anayafunga akaniambia nimeibiwa mara mbili: ya zamani yameandikwa Made in Hungary na mapya Made in Indonesia, ilhali Hankook ni kampuni ya Korea, kwa hiyo ya Hungaria ni feki na ya Indonesia ni daraja la pili linaloletwa Afrika. Kuna duka lina yaliyoandikwa Made in Korea, ila kila tairi ni ghali kuliko haya kwa shilingi elfu sitini. Muuzaji mwingine ananishauri nichukue Laufenn kwa bei nafuu, eti ni Hankook hiyohiyo kwa jina jingine. Nimeangalia ubavuni: ya zamani ni Winter i*cept, 225/65 R17 102H, na namba za DOT zinaishia na 4218, mapya ni Dynapro ya saizi hiyohiyo. Kashata (meno ya mpira yanayokanyaga barabara) za yale ya zamani bado ni ndefu. Naishi Dar es Salaam na kila mwezi nasafiri na familia kwenda Dodoma. Nirudishe mapya? Nitupe ya zamani? Nimwamini nani?"

Ndugu msomaji, nashukuru kwa kuandika kilichomo ubavuni mwa tairi badala ya kueleza tu kwamba "ni jeusi na lina maandishi", kwa sababu namba hizo chache ndizo zinazoniwezesha kukujibu bila kubahatisha. Wasiwasi wako, kama nimeuelewa, ni kwamba jina la nchi lisipolingana na asili ya kampuni, basi ama umeuziwa bandia, ama umepewa mali ya kiwango cha chini. Nitangulize jibu ili usome mengine ukiwa umetulia. Nchi iliyoandikwa haionyeshi ufeki wowote. Matairi yako mapya ya Indonesia baki nayo. Yale ya Hungaria yaondoe kwenye gari mapema, ila si kwa sababu aliyoitaja fundi wako, na sababu yenyewe ni nzito kuliko anavyodhani.

Simlaumu sana fundi, maana jina lenyewe linapotosha. "Hankook" kwa Kikorea ni neno linalomaanisha Korea, kwa hiyo mtu akiona Korea imeandikwa kwa herufi kubwa juu na Hungary kwa herufi ndogo chini, ana haki ya kushangaa. Lakini hata kampuni hii haikuzaliwa ikiwa ya Kikorea kwa maana anayoifikiria. Ilianzishwa mwaka 1941, Korea ikiwa bado koloni la Japani, kwa jina la Chosun Tire, ikiwa na uhusiano na Bridgestone ya Japani, na kiwanda chake kilikuwa Yeongdeungpo, ambako leo ni sehemu ya jiji la Seoul. Jina la Hankook lilikuja mwaka 1968. Kwa hiyo kampuni ambayo leo tunataka matairi yake yatoke Korea tu ilianza kama mkono wa watu wengine uliopandwa Korea.

Leo ina viwanda vinane katika nchi tano. Viwili viko Korea Kusini: cha Daejeon kilichoanza mwaka 1979 na cha Geumsan kilichofunguliwa mwaka 1997. Vitatu viko China, katika Jiaxing, Huai'an na Chongqing. Kimoja kiko Rácalmás, mji mdogo kando ya mto Danube kusini mwa Budapest, nchini Hungaria, kilichoanza uzalishaji mwaka 2007, na hicho ndicho kilichotoa matairi yako ya zamani. Kingine kiko Bekasi, mashariki ya Jakarta, kilichozinduliwa mwaka 2013, na cha nane kiko Clarksville katika jimbo la Tennessee, Marekani, kilichofunguliwa mwaka 2017. Kwa jumla kampuni ina uwezo wa kuzalisha takriban matairi milioni 100 kwa mwaka, na masoko yake makubwa ni Ulaya na Amerika Kaskazini. Korea yenyewe ni soko dogo mno kumeza mzigo wa namna hiyo.

Kwa nini wasipike yote nyumbani kisha wasafirishe? Chukua tairi lisilo na ringi uliangalie. Sehemu kubwa ya nafasi linayochukua ni uwazi. Halikunjiki kama nguo wala halipangiki kama sabuni, hivyo kontena la matairi hulipiwa nauli ya bahari ambayo kwa sehemu kubwa ni nauli ya kusafirisha hewa. Kwa bidhaa ya namna hii, kila maili ya baharini inapunguza faida, na kiwanda kilicho karibu na mnunuzi kinajilipa.

Sababu ya pili ni viwanda vya magari. Hankook huuza matairi kwa watengenezaji kama BMW, Mercedes-Benz, Audi na Porsche ili yafungwe kwenye magari mapya kabla hayajatoka kiwandani, na biashara hiyo ndiyo inayoipa kampuni heshima yake. Mtengenezaji wa gari aliyeko Ujerumani hataki kusubiri meli izunguke nusu ya dunia. Anataka tairi lifike kwa lori, kwa saa zinazojulikana, na likileta hitilafu awe na mhandisi wa kumwita kesho yake. Ndiyo maana, pamoja na kiwanda cha Hungaria, kampuni ina kituo cha ufundi Hannover, Ujerumani, na kingine Akron, Ohio, mji ambao kwa watu wa matairi ni kama Geita kwa watu wa dhahabu.

Ya tatu ni ushuru, na hapa mambo hubadilika kila uchaguzi unapopita. Mwaka 2021 Marekani iliyatoza matairi ya magari madogo kutoka Korea Kusini ushuru wa kuzuia uuzaji wa bei ya kutupa, na kwa Hankook kiwango kilichotangazwa kilikuwa zaidi ya asilimia 27. Thailand, Vietnam na Taiwani zilikuwamo kwenye uamuzi huohuo, Indonesia haikuwamo. Kampuni yenye kiwanda Korea peke yake ingeumia vibaya, lakini yenye kiwanda Bekasi na kingine Tennessee kwenyewe ina pa kukimbilia. Tena Indonesia ni ya pili duniani kwa kuzalisha mpira wa asili, nyuma ya Thailand, kwa hiyo malighafi ipo karibu.

Jambo hili si geni hata kwetu, ila tumelisahau. Waliokuwa na magari miaka ya themanini wanakumbuka matairi ya General yaliyotengenezwa Arusha. Jina lilikuwa la Kimarekani, hisa nyingi zilikuwa za Serikali ya Tanzania, mbia baadaye akawa Continental ya Ujerumani, na wafanyakazi walikuwa vijana wa Arusha. Nairobi nako kulitengenezwa Firestone, na baadaye Yana, hadi kiwanda hicho kilipofungwa mwaka 2016. Hakuna dereva aliyelikataa General la Arusha akitaka la Ohio. Viwanda hivyo viliponyamaza tukawa watu wa kupokea kila kinachoshuka bandarini, na ndipo tulipoanza kusoma majina ya nchi kana kwamba ni madaraja ya ubora.

Sasa swali la haki: je, tairi la Bekasi ni sawa na la Daejeon? Kwa tairi la jina lilelile, saizi ileile na soko lilelile, tofauti haipaswi kuwapo, na kampuni inatumia fedha nyingi kuhakikisha haipo. Ubunifu unafanyika makao ya utafiti yaliyoko Daejeon, na huko ndiko hutoka kanuni ya mchanganyiko: mpira wa asili kiasi gani, mpira wa kutengenezwa kiasi gani, masizi, silika na salfa. Kanuni hiyo hutumwa viwandani kama mapishi yaliyoandikwa kwa gramu, pamoja na umbo la kalibu ambamo tairi bichi hubanwa na kupikwa kwa mvuke kwenye joto linalozidi nyuzi 150, kwa dakika zilizopangwa, hadi salfa iufunge mpira usirudi kuwa laini. Tena viwanda vya nje vilijengwa baadaye kuliko vya Korea. Kama ningelazimika kuwa na shaka kwa misingi ya kiwanda, nisingeanza na Bekasi.

Lakini nisikudanganye kwamba kila Hankook duniani ni mamoja. Kampuni haiuzi tairi moja kwa dunia nzima. Mnunuzi wa Ulaya anaangalia lebo inayopima matumizi ya mafuta, mshiko kwenye lami yenye maji na kelele. Mmarekani anauliza litadumu maili ngapi. Mtu wa Skandinavia anauliza kama litamshikia barafuni. Kila swali lina mchanganyiko wake wa mpira, na kila kiwanda hupewa zaidi kazi ya soko lililo jirani. Hapo ndipo tunafika kwenye matairi yako ya zamani.

Winter i*cept ni tairi la baridi. Limetengenezwa kwa ajili ya miezi ambayo barabara ina nyuzi joto chini ya 7, ikiwa na theluji au tope la barafu. Mpira wake umepikwa uwe laini ili usigande katika baridi, na kashata zake zimechanjwa chale nyembamba nyingi, mamia kwa mamia, ambazo hufunguka na kuuma theluji. Piga magoti kando ya gurudumu na upitishe ukucha juu ya kashata: utahisi chale hizo kama kurasa za kitabu zikipinda. Kisha fanya vivyo hivyo kwenye Dynapro. Kashata zake ni pana, ngumu, na chale ni chache. Tafuta pia ubavuni alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Hiyo ndiyo hati ya tairi la baridi. Usishtuke ukikuta M+S (yaani tope na theluji) kwenye Dynapro pia, maana herufi hizo peke yake ni tamko la mtengenezaji tu kuhusu muundo wa kashata, na hazilifanyi tairi kuwa la baridi.

Hata namba 4218 inasimulia kisa hichohicho. Maana yake ni wiki ya 42 ya mwaka 2018, yaani Oktoba, majira ambayo maduka ya Ulaya hujaza matairi ya baridi kabla theluji haijaanza. Mwenye gari wa kwanza aliyafunga kwa ajili ya majira hayo, gari likauzwa, likapakiwa melini likiwa limevaa koti la baridi, likashuka Dar es Salaam kwenye lami inayochoma.

Kwenye joto letu mpira ule laini unalainika kupita kiasi. Kashata zenye chale nyingi hujipinda unapokata kona, gari likawa kama linaogelea kidogo kabla ya kutii usukani, na unapokanyaga breki kwa nguvu umbali wa kusimama unaongezeka kuliko kwa tairi la kawaida la kiangazi. Pia huisha haraka, ingawa yako bado yana kashata ndefu, na urefu huo ndio unaokudanganya. Ongeza kwamba yamepita miaka sita tangu yatengenezwe. Watengenezaji wengi hushauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka mitano ya matumizi na liondolewe likifika miaka kumi hata likionekana zima, na ushauri huo uliandikwa kwa kufikiria hali ya hewa ya wastani, si gari linaloegeshwa juani Tabata mchana kutwa. Kwa safari ya Dodoma, mwendo mrefu, mzigo wa familia na joto la mchana baada ya Morogoro, hayo si matairi ya kuyategemea.

Kwa hiyo fundi amepatia hukumu na kukosea kesi. Matairi hayo ni Hankook halisi, tena mazuri, lakini kwa barabara za Budapest mwezi Januari.

Wapo watakaokwambia uthibitishe asili kwa herufi E yenye namba ndani ya duara. Hiyo nayo hueleweka vibaya. E4, kwa mfano, haimaanishi tairi limetengenezwa Uholanzi, bali mamlaka ya Uholanzi ndiyo iliyoidhinisha aina hiyo ya tairi chini ya kanuni za kimataifa, na E1 ni Ujerumani kwa maana hiyohiyo. Ukitaka kiwanda chenyewe, kiko kwenye herufi mbili au tatu za mwanzo baada ya neno DOT, na zinapaswa kulingana na nchi iliyoandikwa. Zisipolingana hapo ndipo pa kuuliza maswali.

Kuhusu hadithi ya "daraja la pili la Afrika", naielewa inakotoka, kwa sababu tumeshaletewa mengi ya namna hiyo. Kwa matairi, hata hivyo, daraja limeandikwa wazi na halihitaji uvumi. Kwenye yako kuna 102H: 102 ni uwezo wa kubeba kilo 850 kwa tairi moja, na H ni mwendo wa hadi kilomita 210 kwa saa. Kama Dynapro zako mbili zina namba hizo au kubwa zaidi, na gari lako linahitaji hizo, basi Indonesia imekupa kile ambacho Korea ingekupa. Shilingi elfu sitini za ziada kwa ajili ya neno Korea mimi nisingetoa. Ningezitoa kwa tofauti ya tarehe: tairi la Bekasi la miezi minne iliyopita ni bora kuliko la Geumsan lililokaa dukani miaka mitatu kwenye kibaraza chenye jua, na hilo la pili liko Kariakoo kwa wingi kuliko watu wanavyodhani.

Laufenn nayo inahitaji maelezo ya haki. Ni jina lililoanzishwa na Hankook mwaka 2014 kwa wanunuzi wanaoangalia bei kwanza, na kampuni ina jina jingine la nafuu pia, Kingstar. Muuzaji amesema kweli kuhusu ukoo lakini "hiyohiyo" ni chumvi. Ni watoto wa baba mmoja na mama tofauti: mmiliki mmoja, ila ubunifu na mchanganyiko umepangwa uuzike kwa bei ya chini, na mahali pa kubana huwa ni uimara wa mshiko kwenye maji na maisha ya kashata. Kwa gari la mizunguko ya mjini sina kinyongo nalo. Kwako wewe mwenye Dynapro mbili mpya tayari, kununua Laufenn mbili kungekuletea gari lenye tabia moja mbele na nyingine nyuma, na akiba yake haistahili usumbufu huo. Nunua Dynapro mbili nyingine zinazofanana na ulizonazo, za nchi yoyote, mradi jina kamili, saizi, namba ya mzigo na herufi ya mwendo vilingane.

Utakapokwenda kununua, hatari za kweli ni nyingine kabisa na hazimo kwenye orodha ya fundi wako. Kuna matairi yaliyotumika ambayo hubanwa mawili au matatu, moja ndani ya jingine, ili kontena libebe mengi. Waya wa ukingoni unaoshika ringi hupinda, na tairi hilo hata likipakwa dawa ya kung'arisha haliwi zima tena. Pitisha vidole kwenye ukingo wa ndani mzunguko wote, na ukihisi pamepinda au pameingia, liache. Kuna matairi vipara yaliyochongwa mifereji upya kwa kisu cha moto. Angalia ndani ya mfereji vile vinundu vidogo vinavyoonyesha kina cha milimita 1.6, maana mchongaji huvikata navyo vikatoweka. Na kuna ambayo namba nne za tarehe zimesuguliwa. Tairi lisilo na tarehe halina bei ya kujadili.

Dai risiti yenye jina kamili la tairi, na uulize kama duka linauza kwa idhini ya wakala wa kampuni, kwa kuwa dhamana ya mtengenezaji humfuata muuzaji rasmi wa eneo, na mzigo uliopitia kwa wafanyabiashara wa Dubai unaweza kuwa halisi kabisa na bado usiwe na wa kukulipa ukipasuka. Ukikuta herufi zisizolingana, tarehe iliyofutwa au maandishi yaliyobandikwa juu ya mengine, piga picha na upeleke taarifa Tume ya Ushindani, FCC, inayoshughulikia bidhaa bandia, au TBS kwa suala la viwango.

Lipo jambo moja siwezi kuliona kutoka hapa. Hukusema gari lako linavuta magurudumu mawili au manne. Kama ni manne, tofauti kubwa ya kina cha kashata kati ya mbele na nyuma huutesa mfumo wa kugawa nguvu, hivyo usiliendeshe safari ndefu na mchanganyiko ulionao. Peleka gari kwenye gereji yenye mashine ya balansi na alaimenti, yavuliwe yote kwenye ringi, ringi zikaguliwe, na mwombe fundi akuonyeshe ndani ya kila tairi kwa tochi. Ukihisi usukani unatetemeka, ukiona uvimbe ubavuni au nyufa zinazoonyesha nyuzi, usisubiri mwisho wa mwezi. Nenda leo, na uende taratibu. Ikiwa bajeti haitoshi kununua mawili mengine kwa sasa, baki mjini kwa mwendo mdogo, funga Dynapro nyuma hata kama fundi atasisitiza mapya yakae mbele, kwa sababu nyuma ikiteleza kwenye mvua dereva wa kawaida hana la kufanya, na pima upepo asubuhi matairi yakiwa hayajapata joto kwa kufuata kibandiko kilichoko kwenye fremu ya mlango wa dereva.

Safari ya Dodoma iahirishe hadi Winter i*cept zitoke, na zikitoka usimuuzie jirani mwenye gari kuukuu kwa sababu tu kashata ni ndefu. Mwenye gereji atakuwa na matumizi nayo yasiyohusu barabara.